Kinamhusu au Kinamfikia? Tuzo za Vitabu vya Watoto na Msomaji wa Mpakani

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Methali hii haifai kwa kitabu cha mtoto. Mtoto hana fedha za kununua kitabu wala hajui kimechapishwa wapi. Anasoma kile ambacho mtu mzima amemchagulia: mwalimu, mzazi, mkutubi au mchapishaji. Kwa hiyo tuzo ya vitabu vya watoto si pambo la waandishi tu. Ni njia mojawapo ya watu wazima kukubaliana ni kitabu gani kitiwe mikononi mwa mtoto na ni kipi kiachwe.

Makala haya yanahakiki tuzo za aina hiyo kwa kumtazama mtoto wa Busia na Tororo, yaani mtoto wa mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja yangu ni kwamba tuzo yoyote inayodai kuheshimu utamaduni fulani inaweza kuulizwa maswali matatu. Kitabu kinamhusu nani? Kimeandikwa na nani? Kinamfikia nani? Tuzo nyingi tunazozijua hujibu la kwanza, chache hujibu la pili, na la tatu huachwa njiani. Kwa mtoto wa mpakani, hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi.

Tuzo mbili za Walatino

Nianze mbali kidogo, kwa sababu huko swali hili limejadiliwa kwa muda mrefu. Nchini Marekani kuna tuzo mbili zinazojulikana za vitabu vya watoto kuhusu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ya kwanza ni Américas Award, iliyoanzishwa mwaka 1993 na muungano wa programu za vyuo vikuu zinazofundisha masuala ya Amerika ya Kilatini. Ya pili ni Pura Belpré Award, iliyoanza kutolewa mwaka 1996 na vyama vya wakutubi. Américas hutazama yaliyomo: je, kitabu kimeusawiri utamaduni huo kwa ukweli? Asili ya mwandishi si sharti. Pura Belpré huenda hatua moja mbele na kutaka mwandishi au mchoraji mwenyewe awe Mlatino.

Tofauti hii inaeleweka tukitazama ni nani anayetoa tuzo. Wanazuoni huuliza kuhusu usahihi wa maarifa. Wakutubi humwona mtoto aliyeketi mbele yao bila kitabu kinachofanana na nyumbani kwao. Pura Belpré, ambaye jina lake limepewa tuzo hiyo, alitoka Puerto Rico na kufanya kazi katika maktaba ya umma ya jiji la New York. Aliwasimulia watoto hadithi kwa Kihispania na kwa Kiingereza, akatumia vikaragosi, na mwaka 1932 akachapisha Perez and Martina, hadithi aliyoirithi kwa wazee wake. Alianza na wasikilizaji, kitabu kikafuata. Anayetoa tuzo ndiye anayechagua swali, na swali hilo ndilo linaloamua aina ya vitabu vitakavyoandikwa miaka inayofuata.

Kiswahili katika tuzo za wengine

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kiliheshimiwa katika vitabu vya watoto vya Marekani mapema sana. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyefundisha sanaa jijini Kampala katika miaka ya 1960, aliandika Moja Means One mwaka 1971 na Jambo Means Hello mwaka 1974. Cha kwanza kinafundisha kuhesabu kwa Kiswahili kutoka moja hadi kumi, na cha pili kinapita katika alfabeti ya Kiswahili herufi kwa herufi. Michoro ni ya Tom Feelings. Vitabu vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha huko Marekani, mwaka 1972 na mwaka 1975.

Nikivihakiki kama kazi za sanaa, sina kubwa la kulalamikia. Michoro inawapa watu wa Afrika Mashariki hadhi ambayo vitabu vingi vya picha vya wakati huo viliwanyima. Wanawake, wazee na watoto wanachorwa wakiwa katika shughuli zao, si katika umaskini wao. Lakini vitabu hivi havimsemeshi mtoto wa Busia. Kila neno la Kiswahili linafafanuliwa kwa Kiingereza, kwa sababu msomaji anayekusudiwa ni mtoto mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa ng'ambo na kunyimwa lugha za mababu zake. Kwa mtoto huyo vilikuwa zawadi ya kweli, na tuzo haikukosea. Mtoto wa Busia, ambaye hujifunza kuhesabu kwa Kiswahili kwa kuhesabu chenji ya mandazi, hahitaji kuambiwa maana ya moja. Vinamhusu, lakini havikuandikwa ili vimfikie.

Hali hiyo imeendelea. Mwaka 1991 chama cha wanazuoni wa taaluma za Afrika nchini Marekani kilianzisha Children's Africana Book Award ili kuhimiza vitabu sahihi kuhusu Afrika kwa wasomaji wa huko. Nia ni njema, kwani picha potofu za Afrika zinahitaji kupingwa. Tazama pia maisha ya Profesa Wangari Maathai. Kati ya mwaka 2008 na 2010 vilitoka Marekani vitabu vya picha visivyopungua vinne kumhusu, kimoja cha Claire Nivola, kingine cha Jeanette Winter, cha tatu cha Donna Jo Napoli na cha nne cha Jen Cullerton Johnson. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza na waandishi wa Marekani. Miche ilipandwa Kenya, na kivuli chake katika vitabu kikaangukia watoto wengine. Sisemi waandishi hao waliiba kitu. Ninasema kwamba tusikubali kupima fasihi yetu ya watoto kwa idadi ya vitabu vinavyotuhusu.

Tuzo zetu na mipaka yake

Je, tuzo za nyumbani zimejibu swali la tatu? Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya tangu miaka ya 1970, imekitendea Kiswahili wema mkubwa. Mwaka 2003 ilimtuza Ken Walibora kwa Ndoto ya Amerika, kitabu kinachosomwa na vijana. Walibora alikuwa mwana wa magharibi mwa Kenya, si wa pwani. Ushindi wake ulionyesha kwamba Kiswahili kizuri cha vijana kinaweza kutoka upande huu wa nchi. Lakini tuzo hiyo ni ya Wakenya. Mwandishi wa Kiteso aliyezaliwa Amukura anaweza kushindana, ndugu yake aliyezaliwa Tororo hawezi, hata kama wamesimuliwa hadithi ileile na bibi mmoja. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo ni ya Watanzania. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na sasa kuitwa Safal-Cornell, haijali pasipoti, ila imejikita katika miswada ya watu wazima.

Hapa ndipo ulinganisho na Walatino unapotusaidia. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko iliilazimika kuiachia Marekani karibu nusu ya ardhi yake. Maelfu ya watu walijikuta katika nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki kutoka Uganda, jimbo lililofika hadi Naivasha, wakaliunganisha na himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukafuata kwa sehemu mto Sio na mto Malaba, ukawagawa Wateso na Wasamia. Hawa nao hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka. Leo ajono hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja Tororo na Malaba, na akogo hupigwa pande zote mbili. Tuzo inayodhani kwamba kila utamaduni una nchi moja haina pa kuwaweka watoto wa jamii hizi.

Suala la lugha

Kuna tatizo jingine ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulikabili bila kuona haya, nalo ni usanifu. Washindi wa kwanza wa Pura Belpré mwaka 1996 walikuwa pamoja na Susan Guevara, mchoraji wa Chato's Kitchen, hadithi iliyoandikwa na Gary Soto. Ni kisa cha paka wa mtaani, Los Angeles, anayewaalika panya chakula cha jioni akinuia kuwala, kumbe wageni wanakuja na mbwa. Msomaji wetu ataitambua mara moja hila hii, maana ni ya ukoo mmoja na visa vya sungura na fisi. Maneno ya Kihispania yamo katikati ya Kiingereza kama yanavyosikika mtaani, na kuna faharasa fupi ya kumsaidia asiyeyajua. Kitabu hakikuonekana kichafu kwa sababu hiyo.

Mwalimu akipokea insha ya mtoto wa Malaba yenye neno atap badala ya ugali wa wimbi, kalamu nyekundu huwa tayari. Wapo watakaosema kwamba tukifungua mlango huo Kiswahili kitaharibika, hasa Uganda ambako bado kinatafuta mizizi. Hofu hiyo ina msingi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wanahitaji vitabu vyenye sarufi thabiti. Lakini usimulizi unaweza kuwa sanifu huku wahusika wakiruhusiwa kusema kama watu wa kwao. Zaidi ya hayo, watu wengi wa Uganda walikizoea Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi. Njia bora ya kuiondoa kumbukumbu hiyo ni kumpa mtoto Kiswahili kinachozungumza kama nyanya yake.

Hitimisho

Ninapendekeza tuzo ya vitabu vya watoto wa mpakani yenye masharti manne. Uraia wa mwandishi usiulizwe. Kiswahili kiwe lugha kuu, na maneno ya Kiteso, Kisamia, Dhopadhola na lugha jirani yaruhusiwe pale hadithi inapoyadai. Waamuzi wawe walimu na wakutubi wa pande zote mbili, nao wavisome vitabu darasani kabla ya kuamua. La nne, sehemu kubwa ya fedha za tuzo itumike kununua nakala na kuzipeleka shuleni. Jambo hili limewahi kufanyika. Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada, ilinunua na kugawa nakala za vitabu vilivyoshinda, ingawa nchini Tanzania, penye Kiswahili kingi kuliko popote, ilituza vitabu vya Kiingereza.

Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimerahisisha safari za malori: mzigo hukaguliwa mara moja, ukapita. Kitabu cha hadithi cha mtoto bado hakina utaratibu kama huo. Mwandishi wa Tororo na msomaji wa Amukura wanatenganishwa na kilomita chache tu, na mpaka tutakapokuwa na tuzo inayozihesabu kilomita hizo, tutaendelea kujivunia vitabu vinavyotuhusu huku watoto wetu wakisoma vya wengine.