Asili na Madai ya Mhasimu katika Filamu ya Black Panther

Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa mwaka 2018, imezua mjadala ambao kitovu chake si shujaa bali ni mhasimu wake. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, hana utata mkubwa. Anayewagawa watazamaji ni Erik Killmonger. Wako wanaomwona kuwa mtetezi wa wanyonge aliyepakwa matope na watunzi ili hoja yake isisikike. Na wako wanaomwona kuwa mnyang'anyi wa kiti, mwenye maneno ya ukombozi kinywani na uchu wa damu moyoni. Pande zote mbili zina ushahidi katika filamu. Kabla ya kumhukumu, basi, yafaa kuchunguza alikotoka, kwa sababu filamu imempa asili mbili, na kila upande umeshika moja.

Killmonger hakuzaliwa katika filamu. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1973 katika toleo la 6 la jarida la katuni la Jungle Action, kwa hadithi ya Don McGregor na michoro ya Rich Buckler. Humo baba yake analazimishwa kumtumikia Klaw, mgeni aliyeivamia Wakanda kwa ajili ya madini yake ya vibraniamu. Baba anakufa, jamaa zake wanafukuzwa, na mtoto anakulia Harlem, mjini New York, akiwa amejaa chuki. Chanzo cha madhila ni mvamizi. Utawala una lawama, lakini ni lawama ya pili.

Coogler na mwandishi mwenzake, Joe Robert Cole, waliibadili asili hiyo. Katika filamu, N'Jobu, baba wa Erik, ni ndugu wa Mfalme T'Chaka, babaye T'Challa. Ametumwa Oakland, California, awe mpelelezi. Mji huo haukuchaguliwa ovyo: ndiko Coogler alikozaliwa, na ndiko chama cha Black Panther kilikoanzishwa mwaka 1966. Huko N'Jobu anashuhudia dhuluma wanayotendewa watu weusi wa Marekani, naye anamsaidia mwizi wa madini ili wanyonge hao wapate silaha. Siri inapofichuka, mwaka 1992, anamwelekezea bastola Zuri aliyemchongea, na mfalme anamwua ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha anarudi kwao, anaamuru jambo hilo lifichwe, na mtoto wa marehemu anaachwa huko huko.

Kwa badiliko hilo hatia imehamishwa kutoka kwa mgeni ikatiwa ndani ya nyumba ya mfalme. Kikulacho ki nguoni mwako. Fasihi ya Kiswahili inamfahamu mwovu wa nyumbani: mwana wa Fumo Liyongo alimwua babaye kwa kuahidiwa ujira. Lakini mwana yule alitamani kisichokuwa chake, ilhali Killmonger anadai alichonyimwa. Kiingereza humwita binamu wa mfalme. Kwa hesabu ya ukoo katika jamii nyingi za Kiafrika, watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu. Vita vyao, basi, si vya shujaa na adui tu, bali ni kesi ya urithi.

Lugha yenyewe inathibitisha hivyo. Lugha ya Wakanda katika filamu ni Kixhosa, kilichoingizwa na John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini anayeigiza T'Chaka, tangu filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Killmonger husema Kiingereza cha Marekani. Lakini anapofikishwa barazani akiwa amefungwa, anawataka wazee wamwulize yeye ni nani. Na anapoulizwa anajibu kwa Kixhosa, akitaja jina lake la kuzaliwa, N'Jadaka, na jina la babaye. Kabla ya kudai kiti, anadai nasaba. Baraza linashtuka kwa sababu halikuwa na habari kwamba yuko duniani.

Hiyo ndiyo asili ya kwanza. Ya pili yaelezwa na methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama wa Erik haonyeshwi kabisa, na ulimwengu uliomfunza ni jeshi la Marekani. Makovu yaliyoujaza mwili wake ni hesabu ya watu aliowaua. Jasusi Ross, mtumishi wa serikali hiyo hiyo, anakiri kwamba kuivuruga nchi wakati madaraka yanapobadilishana mikono ni kazi ambayo Killmonger alifundishwa. Kumkaba koo mtunza bustani mzee, kuiteketeza mimea ya wafalme ili asipatikane mrithi mwingine, hayo ni mazao ya mafunzo yale. Shabaha yake ameirithi kwa baba. Mbinu amezipata jeshini. Wanaomtetea wanaisoma shabaha, na wanaomlaani wanazisoma mbinu.

Hata hivyo, watetezi wake wana neno moja la haki. Killmonger anampiga risasi mwanamke aliyekuwa mwenziwe kabla hajatia mguu Wakanda, yaani kabla hajatoa hoja yake mbele ya baraza. Watunzi wameufunga moyo wa mtazamaji mapema. Lakini hawakuikanusha hoja yenyewe, kwani T'Challa, akiwa katika nchi ya wahenga, anamkemea babaye kwa kumtelekeza mtoto yule. Kinachomwangusha Killmonger kihaki ni jambo jingine. Alishinda maporomokoni kwa sheria ya Wakanda. T'Challa aliporudi hai, akasema kuwa hakufa wala hakusalimu amri, Killmonger alikataa kuendelea na pambano. Hapo aliivunja sheria ile ile iliyompa kiti.

Udhaifu wa filamu uko katika suluhu. T'Challa anayanunua majengo ya Oakland na kuanzisha kituo cha misaada chini ya Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, na Shuri. Ni tendo jema, lakini ni hisani, na mdai alikuja kutafuta haki. Nyumba iliyokosa ndiyo iliyokadiria deni lake na kuchagua namna ya kulilipa, baada ya mwenye deni kufa. Yeye mwenyewe alikwisha kataa kutibiwa ili afungwe; aliomba atupwe baharini, waliko wahenga waliojirusha kutoka merikebuni wasiwe watumwa. Aliyefika akitaja nasaba ya wafalme alikufa akitaja nasaba ya waliopotea. Wakanda haikuwa na jibu kwa hao, na filamu, kwa kumwacha aseme neno hilo mwishoni, imekiri hivyo.