Yakobo Yupi? Juu ya Kurasa za Maana katika Wikipedia ya Kiswahili

Mwanafunzi mmoja wa theolojia, aliyekuwa mazoezini usharikani huku Tinde, alituletea mahubiri juu ya mkutano wa Yerusalemu (Mdo 15). Ndani yake Yakobo mwana wa Zebedayo anasimama na kutoa uamuzi juu ya watu wa Mataifa. Lakini Yakobo huyo amekwisha kuuawa na Herode sura tatu nyuma (Mdo 12:2). Alikuwa ametafuta jina katika simu yake, akasoma habari ya kwanza iliyojitokeza.

Kosa hili si la uvivu tu. Kiingereza hutenganisha Jacob na James. Biblia yetu humwita Yakobo mwana wa Isaka, mwana wa Zebedayo, mwana wa Alfayo na ndugu wa Bwana. Hata Luther, katika dibaji yake ya 1522, alitumia kifo cha yule aliyeuawa na Herode kuwa hoja juu ya mwandishi wa Waraka. Hoja hiyo haimgusi ndugu wa Bwana, ambaye mapokeo humhesabu kuwa ndiye mwandishi.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina njia yake ya kushughulikia majina ya namna hii. Ni ukurasa mfupi wenye neno "maana" katika mabano baada ya jina, unaoorodhesha wote waitwao hivyo na kumpeleka msomaji kwenye makala inayomhusu. Haufundishi, huuliza tu, kama kondakta pale njia panda ya Tinde anavyomwuliza abiria aliyetoka Nzega kama anakwenda Shinyanga au Kahama. Utaratibu huu twausifu. Hata hivyo, hatuna budi kuonyesha mahali unapoweza kupotosha.

Orodha ya James ikifasiriwa kutoka Kiingereza, baba wa kabila kumi na mbili hatakuwamo, kwa maana kule hakuna anayemchanganya na mitume. Orodha ya Kiswahili haina budi kuanzia kwenye Kiswahili chenyewe.

Lililo zito zaidi ni kanuni iliyozoeleka katika Wikipedia ya Kiingereza, kwamba maana inayotafutwa na wengi ndiyo ipewe jina tupu, lisilo na mabano. Kwa Paris haina madhara makubwa. Lakini Shinyanga ni mkoa, ni wilaya, tena ni manispaa. Mkoa wenyewe ulibadilika 2012, Bukombe ilipoingia Geita na Maswa ikaingia Simiyu. Kwa hiyo "Shinyanga" ya kitabu cha 1990 si mkoa wa leo. Tena, mtu akisema "Askofu wa Shinyanga", wako wa Kanisa Katoliki na wa Anglikana. Wa kwetu naye makao yake yamo mji huo huo, ingawa dayosisi yake yaitwa ya Kusini-Mashariki ya Ziwa Victoria. Nayo msiichanganye na ile ya Mashariki ya Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza! Hapa kuhesabu wasomaji hakusaidii. Tungependa jina tupu libaki kwa ukurasa wa maana, na kila makala ipambanuliwe kwa ngazi, kanisa au baba.

Wainjilisti walikwisha kufanya hivyo. Mathayo, katika orodha ya Thenashara (Mt 10:2-4), awapambanua Yakobo wawili kwa baba zao, na Simoni wawili kwa majina yao ya pili. Yohana amtaja Yuda, na papo hapo aongeza kwamba siye Iskariote (Yn 14:22). Hakujali kwamba Iskariote ndiye anayejulikana na wengi zaidi.

Naye Yuda wa Waraka hujipambanua kwa kusema kwamba yeye ni ndugu yake Yakobo (Yuda 1), bila kusema ni Yakobo yupi.