Nyumba mbili za Bwana Boma

Vitabu vya kueleza majengo ya zamani si haba. Hata katika maktaba ndogo za misioni utavikuta: picha ya kanisa, mwaka wa kuanza kazi, mwaka wa kumaliza, jina la padri aliyesimamia mafundi, urefu wa mnara. Ni vitabu vyema, wala hatuvidharau. Lakini msomaji akiisha kufunga kitabu cha namna hiyo, bado hajui udongo ule ulikuwa wa nani, ni nani waliofyatua matofali, wala ni mambo gani yaliyotendeka mahali pale kabla ya jiwe la kwanza kubarikiwa. Kuta zimesifiwa, watu wamesahauliwa.

Kwa sababu hiyo tunapenda kuwajulisha wasomaji wetu kitabu kimoja kisichofuata njia hiyo. Mtungaji wake ni Allen F. Roberts, mwalimu Mmarekani, na jina lake ni A Dance of Assassins, maana yake Ngoma ya Wauaji. Kilipigwa chapa mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Indiana. Habari zake ni za Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, katika inchi ya Watabwa, ambayo leo ni ya jimbo la Kalemie-Kirungu.

Tueleze kwa kifupi. Mwaka 1876 mfalme Leopold II aliunda chama chake cha Afrika mjini Bruxelles. Watu wa chama hicho walijenga kwanza Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, mwaka 1879. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms alivuka maji, akafanya udugu wa damu na chifu Mpala, akajenga pale ngome kubwa. Wenyeji wakamwita Bwana Boma. Karibu yake alikuwako chifu mwingine mwenye nguvu, Lusinga, aliyekuwa akifanya biashara ya watumwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga, wakamkata kichwa. Mwaka 1885 Storms aliitwa kurudi Ulaya, na boma lake likatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Hivi, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya vita na utawala ikawa nyumba ya misioni, na watu wa kwanza kujifunza katekisimu upande ule walijifunza katika kivuli cha kuta zake.

Uzuri wa kwanza wa kitabu ni kwamba mtungaji amesikiliza pande mbili. Kwa upande mmoja amesoma maandishi ya Storms mwenyewe, yanayotunzwa Tervuren. Kwa upande mwingine alikaa miaka kadhaa katikati ya Watabwa, baada ya mwaka 1970, akasikiliza wazee. Maneno ya pande hizo mbili hayapatani. Roberts hamfukuzi shahidi mmoja ili kumpa mwingine haki yote. Anawaweka pamoja, anauliza kwa nini kila mmoja anasimulia hivyo, na kwa faida ya nani. Waseminari waliozoea kulinganisha Injili nne watatambua upesi thamani ya kazi hiyo.

Uzuri wa pili ni kwamba hampaki Lusinga rangi nyeupe. Mtu huyu aliuza watu, na kitabu chasema wazi. Kwa hiyo msomaji hapati mtakatifu wa upande mmoja na shetani wa upande mwingine. Apata watu wawili wenye tamaa ya kutawala inchi moja, mmoja mwenye bunduki nyingi zaidi.

Lakini kwa maoni yetu, mahali penye nguvu zaidi ni pale mtungaji anapotutoa Mpala na kutupeleka hata Ixelles, katika mji wa Bruxelles, kwenye nyumba ya Storms mzee. Humo mlikuwa na vitu alivyovileta kutoka Afrika, vimepangwa kama mapambo ya ushindi. Fuvu la Lusinga lilikuwa limekwisha kupimwa na mganga Émile Houzé, aliyeandika habari zake mwaka 1886 kufuata elimu ya uwongo ya kupanga makabila ya watu kwa vipimo vya vichwa. Sanamu ya ukoo wa Lusinga iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, na leo inahesabiwa kuwa moja ya hazina zake. Kumbe, kitabu hiki ni habari za nyumba mbili: boma la Mpala na nyumba ya Ixelles. Huwezi kuifahamu moja usipoifahamu ya pili.

Sasa tuseme na mapungufu. Mtungaji hupenda kuyaita mambo haya mchezo wa kuigiza: Storms na Lusinga wanajionyesha mbele ya watu, kila mmoja akitaka kuonekana mkubwa. Neno hilo lafaa kwa kueleza fahari zao, vyeo vyao na sherehe zao. Halifai sana tunapofika kwenye upanga. Mwisho wa mchezo, aliyeuawa huinuka na kwenda nyumbani. Lusinga hakuinuka, na hata kaburi la mwili mzima hakupewa. Sisi tunaofundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma, tena tunaosoma habari za Tobiti aliyehatarisha maisha yake kwa ajili hiyo, tungependa kuona jambo hili limepimwa kwa mizani nzito zaidi. Dhambi za marehemu hazimpi mtu yeyote ruhusa ya kuweka kichwa chake kabatini.

Pungufu la pili: kitabu ni cha Kiingereza, tena cha lugha ngumu ya wataalamu. Wazee wa Mpala walitoa maneno yao, lakini wajukuu wao hawawezi kuyasoma. Hata sura mbili tatu tu zikiandikwa kwa Kiswahili, deni lingeanza kulipwa.

Hata hivyo, habari hizi hazikubaki katika maktaba. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji liliandika kwa urefu juu ya fuvu la Lusinga. Tarehe 30 Juni 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Ixelles iliondolewa.

Na sisi je? Misioni za Mapadri Weupe ziliandika daftari zao siku kwa siku, nazo ni mali kubwa ya historia. Lakini ni maneno ya upande mmoja. Upande wa pili umo katika vichwa vya wazee, na kila mwaka tunawazika wengine. Mseminari aendaye likizo achukue kalamu na aulize: hapa misioni ilipo palikuwa pa nani? Nani walibeba miti ya paa? Walilipwa nini? Mkatekista ajua nyumba ya kuulizia kuliko sisi mapadri. Wala mtu asiseme kwamba kazi hii ni ya maprofesa tu: Stefano Kaoze, mtoto wa inchi ile ile ya Marungu, aliandika juu ya mawazo ya Wabantu na kupigwa chapa mwaka 1910 na 1911, angali mseminari, miaka kadhaa kabla ya kupewa upadri mwaka 1917.