Mkono Chini ya Khanga

Furushi la mama mkubwa lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, mahali ambapo hata usiku wa manane umeme umekatika mkono ungelifikia. Ndani mlikuwa na jora la bafta nyeupe, mkasi, pamba, kitana cha meno mapana, kopo la majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, chupa ya marashi, vipande vya udi, na karafuu maiti iliyofungwa vizuri ndani ya nailoni, maana ikiachwa wazi huyeyukia hewani ikaisha. Alfajiri alikuwa mpika vitumbua. Jioni aliwasomesha watoto wa Ngamiani, Tanga, Juzuu Amma. Katikati ya hayo alilea wajukuu. Lakini akifariki mwanamke mtaani, chuma cha vitumbua kilishikwa na binti zake, naye akatwaa furushi.

Mimi nilikuwa mmwagiaji maji wake. Kazi hiyo ni ndogo, lakini humweka mtu karibu, na kwa karibu ndiko nilikoona ustadi wake.

Akiitwa mapema, alianza na uso. Alifumba macho kwa kiganja, akapitisha utepe wa kitambaa chini ya kidevu na kuufunga utosini, kisha akakunja na kukunjua viungo taratibu: viwiko, magoti, vidole. Taya na shingo hukakamaa ndani ya saa chache, na aliyechelewa hulazimika kutumia nguvu. Yeye hakupenda nguvu itumike. Baada ya hapo alichagua wasaidizi: wa maji, wa kushika na kugeuza, na mmoja kutoka kwa wafiwa wenyewe, binti, dada au mama, kwa kuwa walio karibu ndio wenye haki ya kwanza. Wengine wote aliwaomba wasubiri nje, kwa adabu ambayo haikuacha nafasi ya kubishana.

Sanda ilikatwa kabla ya kuosha, ili maiti akishakuwa tayari asingoje. Hakutumia futi. Alinyoosha uzi juu ya nguo iliyomfunika marehemu, kuanzia utosini hadi nyayoni, akaongeza shubiri kila upande kwa ajili ya kufungia. Bafta ina tabia yake: ukiitia mkasi kidogo pembeni kisha ukaipasua kwa mikono, mpasuko hufuata uzi na kwenda moja kwa moja. Alipasua vipande vitano, kama inavyopendekezwa kwa mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na mashuka mawili makubwa ya kuviringishia. Kanzu hiyo haina mshono. Ni kitambaa kilichokunjwa mara mbili na kutobolewa shingo kwenye mkunjo. Pindo alizichana ziwe kamba. Kisha alivitandika mkekani kinyume cha mpango wa kuvaa, cha mwisho kikitangulia chini, na kila kipande akikifukiza udi kabla ya kukilaza.

Zamani, nyumba zilipokuwa za sakafu ya udongo, ulichimbwa ufuo chini ya kitanda ili maji ya kuoshea yaingie humo, kisha ukafukiwa. Kwenye sakafu za saruji aliweka kitanda cha msikitini karibu na tundu la maji, akainua upande wa kichwani kwa matofali maji yateremkie miguuni. Chetezo kiliwekwa karibu, moshi ukielekea pembeni.

Hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Marehemu alifunikwa khanga pana, na tangu hapo hadi anavishwa sanda, khanga haikuondoka. Nguo alizofia zilitolewa kwa chini. Mama mkubwa alimwinua kidogo, mgongo ukaegemea goti lake, kichwa kikatulia mkononi, na mkono wa kushoto ukaminya tumbo polepole kutoka juu kwenda chini huku nikimimina maji mengi. Alijifunga kitambaa mkononi kwa usafi wa siri, akakitupa, akanawa, akajifunga kingine. Yote haya aliyafanya bila kutazama. Macho yake yalikuwa ukutani au yamefumba. Vidole ndivyo vilivyojua vilipo na vinapokwenda. Khanga ililowa, ikainuka na kushuka pale mkono ulipopita, lakini haikufunuka hata pembe moja.

Kisha alimtia udhu. Meno aliyapitisha kidole chenye kitambaa kibichi, na pua vivyo hivyo, bila kuachia maji yaingie ndani. Alinyoosha kiganja nimwagie, akiyapima maji kama anayemwogesha kichanga. Kichwa kilioshwa kwa mkunazi uliokorogwa ukatoa povu. Nywele alizichana kuanzia ncha kwenda kwenye mizizi, na zilizong'oka alizikusanya ili ziingie sandani pamoja na mwenyewe. Upande wa kulia ulitangulia, kisha wa kushoto. Maiti aligeuzwa kwa ubavu, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, asilazwe kifudifudi kamwe. Yakafuata maji matupu ya kusuuza. Alirudia hivyo mara tatu, na isipotosha alikwenda hadi tano, kwa kuwa huhesabiwa kwa witiri. Maji ya mwisho yalitiwa karafuu maiti kidogo, na chumba kizima kikapata harufu ile baridi.

Baada ya kumkausha alisuka nywele mikia mitatu na kuilaza nyuma. Alipenda kutukumbusha kwamba hilo limetoka kwa Ummu Atiyya, mwanamke wa Madina aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha binti ya Mtume, na kwamba wanazuoni wa kiume walijifunza kuosha maiti kupitia masimulizi yake. Alilisema bila majivuno, huku akifunga ncha ya mkia wa tatu.

Pamba yenye karafuu maiti iliwekwa kwenye viungo vya sijida: paji la uso na pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Alikuwa akivigusa kimoja kimoja kwa utaratibu. Shuka, kanzu, ushungi. Shuka kubwa lilikunjwa upande wa kushoto kwanza, wa kulia ukalala juu yake, na la pili vivyo hivyo. Uso uliachwa hadi jamaa wa karibu walipomaliza kuaga. Mafundo aliyafunga kwa namna ambayo wanaume kaburini wangeyafungua kwa kuvuta mara moja, bila kuhangaika gizani mwa mwanandani.

Akishakwisha, alikwenda kuoga. Bahasha ya fedha aliirudisha. Na aliyoyaona, kidonda, kovu, alama ya kipigo, ugonjwa ambao familia ilikuwa imeuficha, hayakutoka naye mlangoni. Kuna wakati mtaa mzima uliulizana juu ya kifo cha msichana mmoja, na wapo waliomfuata hadi jikoni kwake. Aliwapakulia vitumbua, akawauliza hali za watoto wao. Watu walimwita kwa sababu alijua kuosha, lakini walilala usingizi kwa sababu alijua kunyamaza, na mimi naona mambo hayo mawili yalikuwa ufundi mmoja.

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Zamu yake ilipofika, tuliokuwa wasaidizi ndio tuliomhudumia, na mikono yetu ilijua la kufanya, kwa kuwa alikuwa amekataa kuijua kazi hii peke yake. Kuosha maiti ni faradhi kifaya: akiitekeleza mmoja, wengine wote husalimika, wasipopatikana wa kuitekeleza, dhambi huwa ya wote. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyelilipa deni hilo kwa niaba ya mtaa. Alisema mwosha asiye na mwanafunzi amewaachia majirani deni, ndiyo maana kila msiba alimwita binti mmoja mgeni wa kazi, akamweka upande wa kichwani, akampa kitana. Siku hizi nami humwita mmoja.