Mapishi ya Nyumbani Musoma na Namna Mgeni Anavyojifunza

Mapishi ya nyumbani hufundishwa nyumbani, na msafiri anayeyataka hana budi kukubalika kwanza kwenye jiko la mtu. Tanzania ilianza kuliwekea jambo hili utaratibu katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii ilipoanzisha programu ya utalii wa kitamaduni kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi. Hata hivyo sehemu kubwa ya mafunzo hupita kwa kujuana. Huko Bweri, kata ya Manispaa ya Musoma mkoani Mara yenye stendi ya mabasi, mgeni aliyetambulishwa na jirani humwamkia mama wa nyumba shikamoo, hukaribishwa, hupewa kigoda, na kabla hajatulia ameshakabidhiwa ungo wenye dagaa.

Dagaa ndio mlango wa mapishi ya ukanda huu. Ni samaki wadogo wa rangi ya fedha, wanaovuliwa Ziwa Victoria usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hupungua na bei hupanda. Huanikwa juani mchangani, juu ya mawe au kwenye vichanja, na mpishi hutambua walikoanikwa kwa kuwashika tu. Wa kichanja ni wasafi. Wa mchangani wanabeba mchanga hadi mezani wasipooshwa na mtu anayejua kazi. Walionyeshewa kabla ya kukauka hugeuka rangi na kutoa harufu ambayo kitunguu na limau haviwezi kuifuta. Kwa hiyo sehemu ya somo hufanyika sokoni, mbele ya sado na mafungu, kwa kuvunja dagaa mmoja na kumnusa.

Nyumbani huja kuchambua. Kichwa hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kikavutwa taratibu ili utumbo wenye uchungu ufuate. Akivuta kwa pupa, mwanafunzi hubaki na kichwa mkononi na uchungu wote ndani ya samaki. Kisha dagaa hutiwa kwenye maji ya uvuguvugu, hutikiswa kidogo, na huinuliwa juu kwa viganja. Beseni halimwagwi likiwa na samaki ndani, maana mchanga uliokwisha kutua chini ungewarudia. Maji hubadilishwa mpaka vidole vinavyopapasa kitako cha beseni visikute chembe. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na ndiyo inayotofautisha dagaa wa kupendeza na dagaa wa kuvumilia.

Msafiri aliyewahi kuingia katika majiko ya Japani, ambako nako walimu hupokea wageni majumbani mwao Kyoto na Tokyo, ataifahamu kazi hii mara moja. Supu ya miso ya kila siku katika nyumba nyingi za huko huanza na samaki wadogo wakavu waitwao niboshi, nao huondolewa kichwa na utumbo kwa sababu ileile ya uchungu. Hulowekwa katika maji baridi, huchemshwa polepole, na miso hukorogwa mwishoni bila kuachwa itokote. Tofauti ipo katika ukaushaji: niboshi huchemshwa kabla ya kuanikwa, dagaa wengi wa Ziwa Victoria huanikwa wabichi. Ndiyo maana jiko la Musoma huwakaanga kwanza mpaka wakauke vizuri, ndipo kitunguu na nyanya vifuate. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitenga glutamati kutoka kwenye mwani wa kombu, akaiita ladha yake umami. Nyanya mbivu nayo ina glutamati nyingi. Mama anayesubiri nyanya ziive hadi zipondeke zenyewe, ndipo arudishe dagaa sufuriani, hahitaji kemia hiyo ili apate ladha; mikono yake iliipata kwa kurudia, na heshima anayostahili ni ya fundi.

Ugali unadai umakini wa namna nyingine. Nyumba nyingi za Mara husonga unga wa mahindi, lakini unga wa muhogo, wenyewe au uliochanganywa na mtama, ndio unaompima mgeni. Huvutika na kung'ang'ania mwiko. Aliyezoea sembe huzembea kidogo tu, na mabuje yakaanza. Mwiko hukandamiza ugali kwenye ukingo wa sufuria, hugeuza, hukandamiza tena, huku mtu mwingine akishikilia sufuria kwa kitambaa, hadi harufu ya unga mbichi iondoke.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ilianza siku nyingi kabla ya maji kuchemka. Muhogo mchungu una kemikali zinazozaa sianidi, na hizo hupunguzwa kwa kumenya, kuloweka au kuvundika siku kadhaa, kisha kuanika. Ndivyo udaga unavyopatikana. Anayeziona hatua hizo kuwa mila ya uvivu wa kijijini aikumbuke Tarime, katika mkoa huuhuu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walitegemea muhogo mchungu bila kuuandaa vya kutosha, na ukazuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Hakuna sehemu ya mapishi haya inayoonyesha waziwazi zaidi kwamba subira ya mpishi ni elimu, na mwalimu mzuri hamruhusu mgeni airuke.

Samaki wabichi hawana mambo mengi. Sato huchemshwa kwa kitunguu, nyanya, chumvi na limau. Hakorogwi, bali sufuria hushikwa kingoni na kuzungushwa ili minofu isivurugike. Mboga ya mgagani nayo huchemshwa, maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa, kisha hutiwa maziwa au samli, jambo la kawaida katika mkoa wa wafugaji kama huu.

Wageni wengi hufika na daftari, na hapo ndipo mafunzo hukwama. Chumvi hupimwa kwa vidole, unga kwa jinsi mwiko unavyokuwa mzito, mafuta kwa mlio wa kitunguu kinapotua. Anayeandika vipimo hulazimika kumwomba mwenyeji asimame kila mara, na mwenyeji akisimama moto unamtangulia. Walio makini hushika mwiko siku ya kwanza na kuandika jioni, baada ya kula. Siku inayofuata hurudi, na safari hii hupika wenyewe huku mama akikaa pembeni akichambua mboga. Akinyamaza, kazi inakwenda. Akiinuka kuja kupunguza moto, kuna kitu bado hakijashikwa, na chakula hicho hurudiwa mpaka siku atakapobaki ameketi hadi sahani zinapakuliwa.