Nusu ya Alama ni ya Farasi

Katika rodeo, anayepanda farasi mkorofi hapewi alama peke yake. Waamuzi wawili huwatazama mtu na mnyama pamoja, na kila mwamuzi ana alama 25 za mpandaji na 25 za farasi. Zote zikijumlishwa hufika 100. Aliyekaa vizuri juu ya farasi mvivu harudi na zawadi. Anayetaka kuupiga picha mchezo huu aanze na kanuni hiyo, kwa sababu makosa mengi ya siku za mwanzo hutokana na kuisahau. Mgeni wa kazi humfuata mtu, maana ndiye mwenye kofia, uso na jina. Akizifungua picha jioni hukuta masikio ya farasi yamekatwa, kwato hazimo, na mpandaji anaelea kama aliyenyang'anywa kiti.

Mchezo wenyewe ulitokana na kazi. Ni mashindano ya wachunga ng'ombe wa Meksiko, kisha wa Texas na nyanda za magharibi mwa Marekani, wakiwemo Weusi wengi. Bill Pickett, Mweusi wa Texas, ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa mbinu ya kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumshika pembe. Cheyenne, katika jimbo la Wyoming, ina tamasha lake tangu 1897. Calgary nchini Kanada tangu 1912. Picha nazo ziliingia mapema. Ralph Doubleday aliuza kadi za posta zenye wapandaji walionaswa hewani, miguu juu, kichwa chini. Kamera ya enzi yake ilipiga picha moja, kisha ikangoja kuandaliwa upya, kwa hiyo ilimbidi ajue mapema lini mtu atarushwa.

Ujuzi huo ni wa kusoma mdundo wa mnyama. Mpandaji hutakiwa kudumu sekunde 8, mkono mmoja umeshika, wa pili ukiwa huru bila kumgusa farasi. Kizimba kikifunguliwa, visigino vyake lazima viwe juu ya mabega ya farasi mpaka kwato za mbele zitue kwa mara ya kwanza. Visipokuwa hapo, hapewi alama hata akimaliza muda. Mruko huo wa kwanza, basi, tayari ni picha, na mpandaji mwenyewe atataka kuiona. Baada yake farasi hutua kwa miguu ya mbele, hurusha ya nyuma, hujikunja na kuanza tena. Teke likifika kileleni huwa pana nukta moja ambapo mwili wote ni kama umesita: haupandi tena, na bado haujaanza kushuka. Hapo ndipo umbo linapopendeza kuliko kwingine, na kwa bahati njema ndipo mwendo unapopungua, hivyo picha hutoka kali. Lakini anayebonyeza baada ya kuona miguu imenyooka amekwisha kuchelewa. Kidole hutangulia jicho. Kamera za sasa hupiga picha 10 au 20 kwa sekunde, na wengi huziacha zimimine tu. Kilele nacho hupita kimyakimya katikati ya picha mbili, na mmiminaji hajifunzi kuhesabu. Zoezi lililo bora kuliko lenzi yoyote ya bei ni kukaa jukwaani bila kamera na kugonga goti kwa kidole kila teke linapofika juu, mpaka kidole na kwato vielewane.

Habari ya vifaa ni fupi. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8 hutosha viwanja vingi, na kasi ya 1/1000 ya sekunde hugandisha hata madongo yaliyorushwa na kwato. Mchana tatizo ni kofia, ambayo huuweka uso wote kivulini. Dawa yake ni kuchutama, lenzi iingie chini ya ukingo, na papo hapo farasi naye aonekane ameiacha ardhi. Jua la magharibi likiwa nyuma ya vumbi, afadhali kuuacha uso upotee na kuchukua umbo peke yake. Usiku ndio mtihani wenyewe: taa za viwanja vidogo ni hafifu, ISO hupandishwa hadi 3200 au 6400, na picha yenye chengachenga ina thamani kuliko laini iliyotikisika. Flashi haiwashwi bila idhini ya waandaaji.

Anayeanza hufanya vyema kuanzia mbio za mapipa. Mapipa 3 hupangwa pembetatu, na mpandaji, mara nyingi mwanamke, huyazunguka moja baada ya jingine kisha hurudi kwa shoti; pipa likianguka huongezewa sekunde 5. Pipa halihami. Lenzi inaweza kulengwa hapo mapema, na farasi atakuja mwenyewe, ameinama ubavu, udongo ukichimbuka, macho ya mpandaji yakiwa yamekwisha kulitafuta pipa linalofuata. Picha ya namna hii huuzika, kwa kuwa mwenye farasi humwona mnyama wake akifanya alichofundishwa kwa miaka.

Mahali pa kujifunzia ni mashindano madogo ya wilaya na ya wanafunzi wa sekondari, ambako mwandaaji akiombwa kwa adabu hukubali, na nafasi ni nje ya uzio. Mkono haupitishwi kati ya vyuma fahali akiwa uwanjani. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, wasema Waswahili. Hapa farasi wa pili ni kioo cha nyuma cha kamera, na wanaokitazama kabla lango la kutokea halijafungwa hushtushwa na pembe. Kuingia ndani ya uwanja ni heshima inayosubiriwa. Louise Serpa wa Tucson, Arizona, aliipata mwaka 1963, mwanamke wa kwanza kuruhusiwa na chama cha wapandaji kupigia picha humo, na aliendelea nayo hadi uzeeni.

Kuna picha zisizopendwa na mtu: ndama aliyebanwa shingo na kamba, kijana asiyeamka. Mchezo huu una wapinzani, na mambo hayo ni sehemu ya hoja zao. Anayefanyia gazeti kazi hana haki ya kuyafuta. Anayewauzia wapandaji ana uhuru zaidi, ila picha ya majeruhi haiwekwi hadharani kabla jamaa zake hawajapata habari.

Usiku, baada ya farasi kupakiwa malorini, hubaki kazi ya majina. Karatasi ya ratiba huonyesha nani amepangiwa mnyama yupi, na mpiga picha makini huiweka mfukoni tangu asubuhi. Chini ya kila picha huandikwa jina la mpandaji, alama alizopata, na jina la farasi.