Mkono Usioweza Kuponya: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta "That Dragon, Cancer"

Mchezo tunaouhakiki hapa, ambao jina lake kwa lugha yetu lingekuwa "Joka Lile, Saratani", ulitolewa tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo mtoto Joel Green angetimiza umri wa miaka 7. Hakuufikia umri huo. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi aligunduliwa kuwa na uvimbe wa saratani katika ubongo, wa aina iliyo kali sana, na wazazi wake wakajulishwa kuwa siku zake zingekuwa chache. Akaishi miaka 4 zaidi, akafariki dunia mwezi Machi 2014. Wazazi hao, Ryan na Amy Green wa jimbo la Colorado nchini Marekani, ni Wakristo wasioificha imani yao. Mchezo huu waliuanza mtoto angali hai, pamoja na mwenzao Josh Larson na kikundi kidogo cha mafundi, na kifo chake kikawalazimu kuufikiri upya. Ni kazi ya mikono michache, na alama za mikono hiyo zaonekana.

Aliyezoea michezo ya namna hii atauliza mapema: mchezo wenyewe uko wapi? Hapana adui wa kuuawa akaisha, wala hapana njia ya kushindwa na kuanza upya. Kwa muda wa saa 2 hivi mchezaji hupitishwa katika matukio mafupi mafupi. Huwatupia bata mkate ziwani. Humsukuma mtoto kwenye bembea. Husikiliza ujumbe wa simu, na hospitalini huzisoma kadi ambazo watu waliochangia gharama za utengenezaji walizileta kwa kuwakumbuka wapenzi wao waliougua au kufa kwa saratani. Nyuso za wahusika hazina macho wala midomo. Zimekatwa kwa mapande bapa, mfano wa kinyago ambacho mchongaji amekiweka chini kabla ya kukimaliza. Sauti, hata hivyo, ni za wazazi wenyewe, na kicheko ni cha Joel, kilichorekodiwa alipokuwa hai.

Wapo waliosema kwamba kazi yenye matendo machache kiasi hicho haistahili kuitwa mchezo. Sisi twaona kwamba uchache huo ndio hoja yenyewe ya kazi hii, na ni hoja inayomhusu kila mchungaji.

Tulitazame tukio moja kwa makini, maana ndilo kiini, na ndilo lililotengenezwa kwanza kuliko mengine. Ni usiku hospitalini. Baba yumo chumbani peke yake na mtoto ambaye mwili umekaukiwa maji kwa kutapika. Mtoto analia. Mchezaji hutazama huku na huku kwa kutumia kipanya cha kompyuta, akitafuta la kufanya, na vitu vya kufanyia jambo vimo humo chumbani. Anampa mtoto maji ya matunda, mtoto anayatapika. Anambeba, kilio hakikomi. Anaketi, anasimama, anamrudia tena, na kila anachokigusa kinamthibitishia kwamba mkono wake hauna uwezo. Kilio chenyewe hakikupunguzwa ukali ili kumhurumia msikilizaji. Mwishowe baba, akiwa hana jingine, anaomba. Mtoto ananyamaza na kulala.

Hapa ndipo mwandishi dhaifu angetangaza muujiza. Watengenezaji hawa hawakutangaza. Usiku ule mtoto alipata usingizi, na saratani ikabaki mahali pake. Sala imejibiwa na haikujibiwa, na mchezo unaliacha jambo hilo lilivyo bila kutoa ufafanuzi.

Ndugu zetu walio katika utumishi wanakijua chumba hicho. Mchungaji huitwa wodini akifika na Biblia na chupa ya mafuta, na watu wa nyumbani humtazama mikononi. Katika sharika zetu siku hizi mkazo juu ya maombezi ya uponyaji umekuwa mkubwa, na hatusemi kwamba ni vibaya kuomba uponyaji. Kanisa lisiloombea wagonjwa limekwisha kuacha sehemu ya wito wake. Ila tumewasikia akina mama ambao, baada ya kuzika, waliambiwa na wahubiri kwamba imani yao ilipungua. Neno hilo ni zito kuliko udongo wa kaburi. Mfalme Daudi alifunga na kumlilia Mungu siku 7 kwa ajili ya mtoto wake (2 Samweli 12), na mtoto akafa. Katika mchezo huu mama, Amy, ndiye mwenye tumaini imara kwamba Mungu atamponya Joel, na baba ndiye anayezama katika shaka. Twaonyeshwa baba akielea baharini, amechoka, na mama akiwa mashuani akimwita. Mchezo haumfanyi mama kuwa mjinga kwa kutumaini, wala haumfanyi baba kuwa kafiri kwa kuzama. Tumesoma vitabu vingi vya uchungaji ambavyo havikuweza kuwaweka wawili hao pamoja kwa haki kama hiyo.

Matukio mengine hayakufaulu kwa kiwango kimoja. Mbio za kigari katika korido za hospitali ni nzuri: mtoto anacheka, mchezaji anakusanya vitu njiani, na mwisho wa mbio anasomewa hesabu ya matibabu ambayo mwili ule mdogo umepokea. Chumba cha daktari, ambamo habari mbaya inatolewa na maji ya mvua yanaanza kujaa hata kuwafikia walioketi, nacho kina nguvu. Lakini maji hayohayo yanarudi mara nyingi mno baadaye, na mfano uliotumika kupita kiasi huchakaa. Hadithi ya askari mdogo apiganaye na joka, ambayo wazazi wanawasimulia ndugu zake Joel, tunaipita upesi. Yatosha kusema kwamba watoto wale wanauliza maswali ambayo Shule ya Jumapili mara nyingi huyakwepa.

Shida yetu kubwa iko mwishoni. Usiku wa mwisho umewekwa ndani ya kanisa kubwa, sauti za waombao zikipandana: wanasihi, wanakemea mauti, wanamkumbusha Mungu ahadi zake. Kisha kimya. Laiti kazi ingekaa hapo kidogo! Badala yake, muda si muda, tunachukuliwa kwa Joel mahali pa furaha, ana mbwa na chapati za maji, na mchezaji anampulizia mapovu ya sabuni. Hatukatai tumaini la ufufuo. Tunalikiri kila Jumapili. Tunachouliza ni mwendo. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mtu wa teolojia ya msalaba huliita jambo kwa jina lake lilivyo, wala hafuniki ubaya kwa jina la wema. Kwa saa nzima na zaidi mchezo huu umetenda hivyo kwa ujasiri, na katika dakika za mwisho unaharakisha. Kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka ipo Jumamosi, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani pasipo mtunzi kuomba radhi.

Hata hivyo hatuwezi kuwahukumu wazazi hawa kama tunavyohukumu mtunzi wa hadithi ya kubuni. Luther mwenyewe, binti yake Magdalena alipofariki mikononi mwake mwezi Septemba 1542 akiwa na umri wa miaka 13, aliongea juu ya furaha ya binti huyo mbinguni na huku akilia machozi ya baba. Yamkini mapovu yale ya sabuni nayo yalipulizwa na mtu aliyekuwa akilia. Kasoro ya mpango wa kazi ni kasoro. Twaisema na kuiacha.

Limebaki jambo la kutazama na kutenda. Mwezi Machi 2016 Ryan Green alieleza hadharani kwamba watu wengi walitosheka kuangalia video za mtu mwingine akicheza, wala hawakuona haja ya kununua. Malalamiko yalikuwa ya fedha, nayo ni ya haki, lakini swali lililo chini yake ni letu pia. Iwapo matendo ni machache hivi, mtazamaji anakosa nini? Tungejibu kwamba anakosa kile chumba cha usiku. Anayetazama huona mtu akijaribu na kushindwa, naye aweza kusema moyoni kwamba yeye angefanya vingine. Aliyeshika kipanya hawezi kusema hivyo, kwa kuwa amekwisha kufanya vyote. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 wakiwa kimya, na walifanya vema hadi siku walipofungua vinywa vyao. Kukaa kule kulikuwa kazi, ingawa kwa macho hapakuwa na lililotendeka.

Kwa mwalimu wa theolojia ya kichungaji anayetaka kuutumia mchezo huu darasani, kiasi fulani cha Kiingereza kinahitajika kwa wanafunzi, na wale waliofiwa karibuni waulizwe kwa faragha kabla ya siku yenyewe. Hakuna haja ya kuonyesha wote. Tukio la chumba cha usiku latosha kwa kipindi kimoja. Kipanya apewe mwanafunzi mmoja, hasa yule mwepesi wa majibu, na wengine wakae nyuma yake bila kumwelekeza, hata mtoto atakapolala.